Maneno Yaliyobaki Masaka

Kwenye baiskeli ya watu wawili, anayekaa mbele hamwoni anayekaa nyuma. Tangu Jumatatu Veronica alikuwa ameshika usukani huku Cyusa akikanyaga pedeli nyuma yake. Walikuwa wamezunguka Bugesera, wakapanda Ngoma, wakapita Kayonza, na asubuhi hii ya mwisho, wakitoka Rwamagana kurudi Kigali, bado alikuwa anajiuliza jambo lile lile: huyu mtu akinyamaza, uso wake unakuwaje?

"Umenyamaza," Cyusa alisema.

"Wewe ndiye uliyenyamaza."

"Mimi nasubiri. Tumekata kona, upepo umebadilika, na dereva wangu hajaniambia kitu."

Veronica akacheka. "Haya. Kushoto kuna bonde, limelimwa mpunga mpaka chini kabisa. Kulia kuna nyumba mpya, haijapauliwa. Juu ya ukuta amekaa fundi, anakula muhindi."

"Wa kuchoma au wa kuchemsha?"

"Nitajuaje?"

"Ngoja." Cyusa akapaza sauti kwa Kinyarwanda. Fundi akajibu kutoka juu ya ukuta, wakacheka wote wawili hadi baiskeli ikayumba. "Anasema ni wa kuchoma. Na anauliza kama umeolewa."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia sina hakika. Kwani umeolewa?"

"Unajua sijaolewa."

"Jumatano nilijua. Tangu Jumatano hatujazungumzia tena habari hiyo."

Veronica aliinamia usukani. Alishukuru kwamba kilima kilikuwa kimeanza, na pumzi ya mtu mlimani haimwumbui.

Alikuwa mpima ardhi, mzaliwa wa Nyakato, Mwanza, msichana wa miaka thelathini na mmoja ambaye baiskeli aliijua tangu utoto. Kanisani kwao lilitolewa tangazo: watu wa Tanzania, Kenya na Uganda wangekwenda Rwanda kuendesha baiskeli siku kadhaa pamoja na wenyeji wasioona, ili zichangwe fedha za maktaba ya vitabu vya nukta nundu kwa watoto. Akajiandikisha bila kufikiri sana. Alitarajia kupewa mtu mpole wa kushukuru kila hatua. Akapewa Cyusa, mrefu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, aliyekulia Karagwe na kuzungumza Kiswahili kizuri kuliko yeye, na ambaye kazi yake ilikuwa kutafsiri kwenye mikutano mikubwa pale Kigali.

Siku ya kwanza alimwelekeza kwa sauti ya juu, neno moja moja. Cyusa alimvumilia kidogo, kisha akamwambia, "Dada, yaliyogoma ni macho. Masikio bado yako kazini." Siku ya pili, akiwa amechoka, Veronica aliulizwa wanapita wapi, akajibu, "Hakuna kitu, ni miti tu." Cyusa akamgombeza. Akamwambia anasikia maji, anasikia mbuzi, anasikia wanawake wanaocheka, na kwamba mtu aliyechoka aseme amechoka, asimfutie mwenzake dunia. Veronica alinuna mpaka jioni. Usiku akiwa kitandani alijikuta anakumbuka jinsi alivyolitamka lile neno, dunia.

Tangu hapo alianza kumwangalia. Wakati wa chakula aliweza kumtazama atakavyo, na jambo hilo lilimpa aibu, maana lilikuwa kama kuchungulia dirishani kwa watu. Jana jioni, Rwamagana, akaamua kukiri.

"Cyusa, mimi nakuangalia sana."

"Najua. Ukiniangalia unaacha kutafuna."

Veronica akarudia kutafuna. Muda mfupi baadaye mama yake akapiga simu kutoka Mwanza, akatoka nje kuipokea, na aliporudi alimwambia Cyusa kwamba mama alikuwa anauliza saa ya basi tu.

Msafara ulifika Masaka, pembezoni mwa Kigali, kabla ya chakula cha mchana. Mutsinzi, kiongozi wao, aliwapeleka wengine kwenye uwanja wa kanisa, lakini Cyusa na Veronica walikuwa wamealikwa kwingine. Shangazi yake Cyusa, aliyeitwa Spès, aliishi hapo karibu, kwenye nyumba yenye shamba dogo la mihogo na maharage. Ndiye aliyekwenda Karagwe kumchukua Cyusa baada ya wazazi wake kufariki kwa ajali ya gari. Ndiye aliyekuwa naye macho yalipoanza kufifia akiwa chuo kikuu, mpaka siku yalipozima kabisa.

"Kiswahili hajui hata neno," Cyusa alisema wakikokota baiskeli kuelekea getini. "Nitatafsiri."

"Utatafsiri yote?"

"Ni kazi yangu. Kwenye kibanda chetu cha wakalimani, mkubwa akitukana, mimi natukana. Siongezi, sipunguzi."

Shangazi Spès alikuwa mwembamba, mwenye nywele fupi za mvi, na viatu vyake vilikuwa na udongo mbichi wa shambani. Alimkumbatia Cyusa kwanza, akamkagua viwiko na magoti kama aliyerudishiwa kitu alichokuwa amemwazima mtu. Kisha akampa Veronica mkono. Mezani palikuwa na ndizi za kupika, maharage na isombe, ambayo Veronica aliionja akaitambua kuwa ni kisamvu cha kwao.

Shangazi alianza kusema. Hakumtazama mpwa wake, alimtazama mgeni. Alisema polepole, kwa muda mrefu, mikono yake imetulia juu ya meza.

Cyusa alipapasa ukingo wa sahani yake. "Anasema karibu sana. Anakushukuru kwa kuniendesha salama."

"Hayo tu?"

"Ndiyo maana yake."

"Mwambie asante. Na mwambie asinione shujaa, mlimani ni wewe unayesukuma."

Cyusa akatafsiri. Shangazi hakutabasamu. Akasema tena, safari hii kwa sauti ya chini, na mwishoni sauti ikapanda kama ya mtu anayeuliza. Akangoja.

Cyusa alijifuta mdomo kwa kiganja. "Anauliza kama safari imekuchosha."

Veronica alimtazama yule mama. Kazini kwake alikuwa amekaa na wazee wengi wanaogombea mipaka ya viwanja, na uso wa mtu anayeuliza jambo zito aliujua. Hata hivyo alijibu alichoulizwa.

"Mwambie imenichosha. Lakini kesho nikiambiwa nianze upya, naanza."

Cyusa akatafsiri, na tafsiri yake ikawa ndefu. Kope za shangazi ziliinuka. Akamtazama mpwa wake, akamtazama sana, kisha akashusha macho kwenye sahani.

"Mbona yako imekuwa ndefu?" Veronica alimnong'oneza.

"Kinyarwanda kinapenda kuzunguka milima."

Mutsinzi akaita kutoka getini. Mwandishi wa redio alikuwa amefika kanisani na alitaka kumhoji Cyusa kabla hawajaondoka. Cyusa akasita, kisha akachukua fimbo yake nyeupe, akasema atarudi sasa hivi, akatoka.

Wanawake wawili wakabaki. Veronica alitabasamu lile tabasamu la watu wasio na lugha moja. Shangazi Spès akamimina maziwa kwenye kikombe, akakisukuma upande wa mgeni.

"Kunywa, mutoto yangu," alisema. "Na kula. Chakula iko napoa."

Veronica akaweka kijiko chini.

"Shangazi, unajua Kiswahili?"

"Niko najua." Alihamia kiti alichokuwa amekalia Cyusa. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu, na alikisema taratibu, akipima kila neno kabla ya kuliachia. "Nilikaa Kongo. Mbele ya huyu kuzaliwa. Kisha nikaacha kukisema."

"Basi ulikuwa unasikia yote."

"Yote. Huyu ni mutafsiri muzuri. Batu wakubwa wanamuita. Leo amekudanganya wewe, akanidanganya na mimi, kwa meza yangu."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomshangaza Veronica.

"Ulikuwa umesema nini?"

"Ya kwanza nilisema: batu wa hizi safari wanakuja na roho muzuri. Siku ya kuachana wanalia, kisha wanarudi kwao. Nikasema, tafazali, usimuachie huyu kilio yako. Ya pili nikauliza: kama ungemukuta kwa njia na fimbo yake, hakuna baiskeli, hakuna batu wa kupiga picha, ungesimama?"

Veronica alihisi masikio yakipata moto. "Na mimi? Alikuambia nimejibu nini?"

"Wewe ulisema, kesho naanza upya. Yeye akasema: kesho naanza upya naye, na kesho kutwa, na kila siku yenye Mungu atanipa." Shangazi alimtazama usoni. "Hayo hukusema."

"Sikusema."

"Basi ni yake."

Nje kuku walikuwa wanakwaruza chini ya mihogo. Veronica alishika kikombe kwa mikono miwili. Kila siku ya safari alikuwa ametaka kujua kilichomo ndani ya yule mtu, na sasa alikuwa ameambiwa, na mtu mwingine, kwa bahati tu. Hakujua kama acheke au alie.

"Sasa nijibu mimi," shangazi alisema. "Ungesimama?"

Jibu zuri lilikuwepo, na lilikuwa rahisi. Veronica hakulitoa.

"Sijui, shangazi. Pengine ningepita. Kwetu Mwanza nimewapita wengi. Hata siku ya kwanza hapa nilimhurumia, nikawa naongea naye kama mtoto. Siku ya pili akanigombeza, nikamnunia mpaka jioni. Mtu unayemhurumia humnunii. Tangu siku hiyo naamka na swali jipya juu yake. Anafikiria nini akinyamaza. Kwa nini anacheka kabla ya mzaha kuisha. Nataka kujua tu, na kadiri ninavyojua ndivyo ninavyozidi kutaka."

"Hamu ya kujua inaishaka."

"Labda. Yangu bado haijaisha."

"Na mama yako? Anasema nini?"

"Nilimtajia jana. Akaniuliza nitakuwa macho ya nyumba hadi lini."

"Ana haki ya kuuliza." Shangazi akapangusa makombo ambayo hayakuwepo. "Bukavu kulikuwa muntu. Aliuzaka vitenge. Kaka zangu wakakuja kunichukua, wakasema si wa kwetu. Ile siku nilikuwa na swali moja kwa ule muntu: nikibaki, utasimama na mimi? Sikuuliza. Nilisikia haya. Nikapanda gari. Kiswahili nikakiacha kule kule, kwa sababu nikikisema nasikia sauti yake."

Veronica akaunyoosha mkono wake, akaushika wa shangazi, na shangazi akauacha ushikwe.

"Usimuambie kama najua Kiswahili," shangazi alisema baadaye, fimbo ya Cyusa iliposikika ikigonga mawe ya njiani. "Muangalie kama atakuambia yeye mwenyewe. Muntu mwenye anaficha neno ngumu leo juu ya mapenzi, kesho ataficha ingine. Nimemulea, lakini hiyo simujui nayo. Nataka kujua na mimi."

Mlango ukafunguliwa, na Shangazi Spès akarudi kwenye Kinyarwanda chake kama vile hajawahi kutoka.

Kutoka Masaka barabara inashuka bondeni kabla ya kuanza kupanda tena kuelekea Kanombe na mjini. Veronica alishuka bila kugusa breki sana. Alieleza barabara: lori la matofali, msururu wa pikipiki za abiria ambazo huko huitwa moto, watoto wa shule waliovaa sweta za bluu. Cyusa aliitika "enhe" kwa kila kitu, na hakuuliza swali hata moja.

Mlima ulipoanza, Veronica aliusikia mzigo kwenye magoti yake. Pedeli za baiskeli ile zimeunganishwa kwa mnyororo. Mmoja akilegea, mwenzake anajua. Cyusa alikuwa amelegea. Akakanyaga, akalegea tena, kisha miguu yake ikaacha kabisa.

"Simama," alisema.

"Tuko katikati ya mlima."

"Najua. Simama, Veronica."

Aliiegesha baiskeli pembeni, kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba ya watu. Wenzao wakawapita mmoja mmoja wakihema. Mutsinzi, aliyekuwa wa mwisho, akauliza kama mnyororo umekatika. Veronica akamwonyesha ishara kwamba wako salama, naye akaendelea.

Cyusa alivua kofia yake ngumu, akaishika kifuani. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye ndevu. Ndege ilipita chini ikielekea uwanjani, na akangoja mpaka mlio wake ukaisha.

"Kuna kitu nilikitafsiri vibaya," alisema. "Kule mezani. Kwa makusudi."

Veronica alishika usukani kwa nguvu ingawa baiskeli ilikuwa imesimama. "Basi kitafsiri sasa."

Cyusa akanyoosha mgongo. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya kazini, bapa na safi, isiyo upande wa mtu yeyote. "'Binti, watu wa safari hizi huja na moyo mzuri. Siku ya kuachana hulia, kisha hurudi kwao. Tafadhali usimwachie huyu kilio chako.' Hilo la kwanza. 'Kama ungemkuta njiani na fimbo yake, bila baiskeli, bila watu wa kupiga picha, ungesimama?' Hilo la pili." Akaigeuza kofia mikononi. "Hakuuliza habari ya uchovu."

"Kwa nini ulificha?"

"Niliogopa jibu. La kwanza lilikuwa la kukuumiza wewe. La pili lingeniumiza mimi."

"Na langu? Shangazi yako alishtuka nilipojibu. Ulimwambia nini?"

Alichelewa kujibu, na Veronica akageuka, akauona uso wake wote, hauna pa kujificha.

"Nilimwambia umesema utaanza upya na mimi. Kesho, na kesho kutwa, na kila siku utakayopewa."

"Sikusema hivyo."

"Najua. Nilitaka kuyasikia, hata kama ni kwa sauti yangu mwenyewe." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejionea haya. "Kazini nasema 'mimi' kutwa nzima, na si mimi. Hapa ni mimi, Veronica. Nakupenda. Na tangu jana nasikia basi lako la kesho likinguruma kichwani."

Veronica alishuka kwenye baiskeli. Alimweleza jibu lile lile alilokuwa amempa shangazi, kwamba pengine angempita njiani, na akauona uso ukikaza. Akamweleza na yaliyofuata, kununa kwake, na maswali anayoamka nayo.

"Na mimi nina la kwangu nililolificha," alimaliza. "Mama jana hakuuliza saa ya basi. Aliuliza nitakuwa macho ya nyumba hadi lini."

Cyusa alifikiri. "Ningekuwa na binti ningeuliza hivyo hivyo."

"Nimjibu nini?"

"Mjibu kweli. Mwambie mimi napika, nafua, na naweza kumbembeleza mtoto usiku bila kuwasha taa. Yapo nisiyoweza. Gari sitakuja kuliendesha. Hayo itabidi ayajue sasa hivi, asije akayajua baadaye kutoka kwa majirani."

"Utamwambia mwenyewe?"

"Nikikaribishwa, nitakuja Mwanza kumwambia."

"Nakukaribisha mimi," Veronica alisema. "Kesho nitapanda basi, maana nina kazi na nina mama. Lakini silii, Cyusa. Sina ninachokiaga."

Akaweka kiganja chake juu ya mkono ulioshika kofia. Wakakaa hivyo mpaka mwenye nyumba akafungua geti kuona ni kina nani wameegemea ukuta wake.

Waliingia Gikondo, ndani ya Kigali, wa mwisho kabisa, wakipita katikati ya magereji na maghala, mafundi wakiacha spana zao kuwapigia makofi. Kwenye uwanja wa kanisa ulikofungwa utepe, hotuba zilikuwa zimekwisha na watu walikuwa wanakunywa soda. Pembeni, akimrudishia dereva wa moto kofia yake, alikuwa amesimama Shangazi Spès, na udongo wa Masaka bado kwenye viatu.

Alikuja moja kwa moja mbele ya baiskeli.

"Amekuambia?" aliuliza.

"Ameniambia, shangazi. Yote."

"Yeye mwenyewe?"

"Katikati ya mlima. Mimi sikumwuliza."

Cyusa alikuwa amegeuza kichwa. Sauti za watu ndizo zilizomlisha, na hii, kwa Kiswahili, hakupata mahali pa kuiweka. "Nani huyo?" alisema. Kisha, taratibu, akamwita shangazi kwa Kinyarwanda, "Masenge?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mbele ya wewe kuzaliwa. Utaniuliza nyumbani, nitakuambia habari ya Bukavu, usiku ni murefu." Alimshika mpwa wake shavu, akamwachia. Kisha akamgeukia Veronica, akanyoosha kiganja. "Pigia mama yako."

"Sasa hivi?"

"Sasa. Na usifikiri nimekubali kitu. Nataka kumusikia tu, na yeye anisikie."

Veronica alitafuta namba kwa vidole vyenye vumbi. Simu ikaita Mwanza, ikapokelewa, na sauti ya mama yake ikauliza kama amefika salama. Shangazi Spès akaichukua simu, akaiweka sikioni, akakohoa kidogo.

"Mama, bwana asifiwe. Si Veronica. Ni shangazi ya Cyusa, wa Kigali. Ndiyo, huyo huyo. Uko na nafasi? Basi kaa kwa kiti, tuongee polepole. Kiswahili yangu ni ya zamani."

Akasogea na maneno yake kando, kwenye ngazi za kanisa, akaketi. Mutsinzi alikuja kuchukua baiskeli, akaikokota kwenye lori pamoja na nyingine. Hapo hapakuwa na mtu aliyehitaji kutafsiriwa. Cyusa alisimama akisikiliza, midomo yake imeachana kidogo, kisha akautafuta mkono wa Veronica, akaupata.